Kipimo huanza kukosea kwenye karatasi

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Desemba 2005, tangi namba 912 kwenye bohari ya mafuta ya Buncefield nchini Uingereza lilikuwa likipokea petroli kutoka kwenye bomba kuu. Yapata saa tisa usiku, namba ya kina kwenye skrini ya waendeshaji iliacha kupanda. Petroli yenyewe haikuacha kuingia. Zaidi ya saa mbili zilipita skrini ikionyesha kina kile kile, na kwa kuwa namba haikufika kwenye alama ya king'ora, king'ora hakikulia. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi petroli ilikuwa inamwagika kutoka juu ya tangi, zaidi ya lita 250,000, na wingu la mvuke wake likatambaa hadi nje ya uzio. Saa kumi na mbili na dakika moja likalipuka. Watu 43 waliumia. Hakuna aliyekufa, na hilo lilitokana sana na siku yenyewe: Jumapili asubuhi na mapema, ofisi za jirani zilikuwa tupu.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia kwenye geji iliyokwama, yaani kile chombo cha kupimia kina. Mimi kinachonishika zaidi ni kile kilichokuwa pembeni yake. Tangi lile lilikuwa na swichi ya pili, isiyotegemea geji, yenye kazi moja tu: mafuta yakipanda kupita kiasi, ipige king'ora na kukata uingizaji. Swichi hiyo ilikuwa na mkono mdogo wa kuijaribia, na mkono huo ulitakiwa kufungwa kwa kufuli ili ubaki katika nafasi ya kazi. Kufuli halikufungwa. Mafundi walidhani ni la kuzuia watu wasiichezee swichi, kwa hiyo hawakuona ulazima wake. Bila kufuli mkono uliweza kushuka, na ukishuka swichi haihisi kitu. Ile geji nayo ilikuwa imekwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka ule, na kila mara ilirudishwa kazini bila mtu kupata kiini cha tatizo.

Swichi haikuungua wala kukatika. Iliwekwa na watu ambao hakuna aliyewaeleza lile kufuli ni la nini, na huo ndio ugonjwa wa kazi yetu ya ala za vipimo. Tunatumia muda mwingi kuchagua chombo, muda mdogo kukijua kimiminika kitakachopimwa, na karibu hatuna muda kabisa wa kuhakikisha kwamba mahali pa kufungia panakiruhusu chombo kupima. Kikao cha manunuzi hubishana saa nzima kuhusu usahihi wa asilimia 0.05 dhidi ya asilimia 0.1. Kisha chombo kilichoshinda kinapelekwa kwenye tangi ambako kitakosea kwa asilimia 16, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kulaumiwa kwa kosa hilo.

Asilimia 16 sikuitoa hewani. Njia inayotumika sana kupima kina cha tangi ni kufunga transmita ya presha, chombo kinachohisi presha na kupeleka namba kwenye skrini, chini kabisa na kuiacha ipime uzito wa kimiminika kilicho juu yake. Maji ya kina cha mita 10 husukuma kwa presha ya kilopaskali 98.1. Dizeli ya kina hicho hicho, kwa densiti (uzito wa kila mita ya ujazo) ya kilo 840, husukuma kwa kilopaskali 82.4 tu. Sasa fundi amefanya kalibresheni, yaani amekiweka chombo kisome sawa, kwa maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwepo siku ya majaribio, na hakuna aliyerudi kubadilisha hesabu. Dizeli ikifika mita 10, skrini itasema 8.4. Chukua tangi la urefu wa mita 12 ambalo king'ora chake kimewekwa kwenye mita 11. Ili skrini ifike 11, dizeli lazima ifike mita 13.1. Tangi halina mita 13.1. Mafuta yatamwagika ilhali skrini haijafika hata 10.1, na mwendeshaji atakuwa ameketi akiamini ana zaidi ya mita moja ya akiba.

Transmita hiyo ni nzima. Ipeleke maabara, itarudi na cheti. Ilichokosa ni namba moja kwenye karatasi ya maelezo ya kazi, ile karatasi inayojazwa kabla ya kuagiza: kimiminika gani, densiti gani, joto la chini na la juu, presha, kama kina povu, kama kinaganda, kama kinakula chuma. Nimeziona karatasi hizo zikijazwa na karani wa ununuzi kwa kunakili mradi uliopita. Safu ya densiti ina neno "kawaida". Kawaida ya nini?

Na tangi likiwa limefungwa juu, mambo yanazidi. Gesi iliyo juu ya kimiminika nayo inasukuma. Presha ya gesi ya kilopaskali 50 tu, kwa transmita isiyojua, inaonekana kama mita tano na ushei za maji ambayo hayapo. Ndiyo maana tangi lililofungwa huhitaji kipimo cha tofauti ya presha chenye mkono wa pili unaopanda hadi juu, na mkono huo unatakiwa ubaki mkavu daima au ujae kimiminika kinachojulikana daima. Ukiwa mkavu leo na kesho umejaa nusu kwa sababu ya mvuke uliopoa, kipimo kitayumba polepole, siku hadi siku, na kila mtu atafikiri ni tangi linalotumika.

Miezi tisa kabla ya Buncefield, tarehe 23 Machi 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, kilipoteza watu 15 na wengine 180 wakajeruhiwa. Mnara wa kutenganisha mafuta wenye urefu wa takriban mita 52 ulikuwa unajazwa wakati wa kuwashwa upya. Kipimo cha kina chini ya mnara kilikuwa cha aina ya silinda inayoning'inia: kimiminika kikipanda huinyanyua, na uzito unaopungua ndio kipimo. Kilifungwa kusoma sehemu fupi tu ya chini, kwa kuwa kazini kina hakitarajiwi kupita hapo. Tena kalibresheni yake ilikuwa ya kimiminika chenye densiti nyingine. Silinda ikishazama yote, haioni tena kina; inaona densiti peke yake. Mafuta yalipopashwa moto yakawa mepesi, na silinda ikatafsiri wepesi huo kama kina kinachoshuka. Mafuta ndani ya mnara yalifika takriban mita 48 ilhali skrini ilikuwa inaonyesha chini ya mita 3, na namba ikishuka. Kioo cha kutazamia kilikuwa kichafu, hakionyeshi kitu. Swichi ya king'ora cha juu haikufanya kazi.

Hapa wapo wanaosema mwendeshaji alipaswa kugundua. Sikubaliani nao. Mtu aliyeketi mbele ya skrini saa kumi na mbili mfululizo hana njia ya kujua kwamba kipimo chake kimezama na sasa kinapima joto badala ya kina. Anayejua ni yule aliyekichagua, na pengine huyo alishahamia mradi mwingine. Kama kipimo kina mwisho wa uwezo, mwisho huo uandikwe pale pale kwenye skrini, karibu na namba, kwa lugha anayoisoma mwendeshaji.

Wauzaji husema siku hizi rada, chombo cha juu ya tangi kinachotuma mawimbi chini na kupima mwangwi wake, imemaliza matatizo haya, kwa kuwa haijali densiti. Ni kweli haijali densiti, na mimi mwenyewe kwa matangi mengi ya mafuta ningeichagua. Lakini ina mambo yake. Maji hurudisha sehemu kubwa ya mawimbi yake. Mafuta ya petroli hurudisha karibu asilimia 3 tu. Kwa hiyo mwangwi wa mafuta ni mdogo, na chuma chochote kilicho njiani, ngazi, bomba la kujazia, ukingo wa shingo la tangi (kile kijibomba cha juu ambamo rada hufungwa), kinaweza kupiga kelele kuliko mafuta yenyewe. Kosa ninaloliona mara kwa mara liko kwenye hiyo shingo. Tangi limekuja na shingo refu na jembamba kwa sababu mchoraji wa tangi alifikiria viungio vyake, flanji na gasketi, hakufikiria rada. Antena inaishia ndani ya shingo, mawimbi yanapiga kuta zake kabla hayajatoka, na rada inaripoti tangi limejaa wakati liko nusu. Kukata shingo lililochomelewa kwenye tangi lenye mafuta si kazi ya kumwambia mtu aje Jumatatu. Kulichora fupi na pana tangu mwanzo kulikuwa suala la mstari mmoja wa penseli.

Mahali pa kuisimamisha pia ni pa kufikiria. Usiiweke juu ya mkondo wa kujazia, wala katikati ya paa la kuba ambako mwangwi hujikusanya, wala jirani na ukuta. Mawimbi ya sauti ni ya bei nafuu na yanafaa kwa tangi la maji lililo wazi, ila kwa petroli nakataa kabisa: mwendo wa sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, na chombo hujua kusahihisha joto, lakini hakijui kwamba hewa iliyo chini yake imejaa mvuke wa petroli na sauti imepungua mwendo.

Tuje kwenye mabomba, ambako makosa ni mengi zaidi kwa sababu bomba huonekana jambo rahisi.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo mita ya sumaku ya maji ilikuwa ya tatu kufungwa mahali pamoja. Mbili za kwanza zilitolewa kwa madai kwamba ni mbovu. Namba zilikuwa zinaruka, na zikitulia zinasema maji ni mengi kuliko pampu inavyoweza kutoa. "Mkuu, na hii nayo mbovu," fundi aliniambia kabla sijashuka ngazi. Sikufungua kifuniko. Nilichukua spana nikagonga bomba kwa chini, likatoa sauti nzito, iliyokufa. Nikagonga kwa juu, likalia kama debe. Nikampa spana agonge mwenyewe. Aligonga chini, akagonga juu, akarudia tena, kisha akakaa kimya.

Mita ilikuwa imefungwa sehemu ya juu kuliko zote kwenye njia ile, mita chache kabla maji hayajamwagikia kwenye tangi kwa uhuru. Bomba pale halikujaa. Mita ya sumaku hupima mwendo wa maji, kisha huzidisha kwa eneo la bomba zima; haina habari kwamba nusu ya bomba ni hewa. Maji ya nusu bomba yatahesabiwa kama ya bomba lote. Tuliihamisha mita hadi kwenye kipande cha wima ambako maji yanapanda, kwa kuwa bomba linalopandisha maji hujaa lenyewe, na mita "mbovu" ikafanya kazi tangu siku hiyo. Wakati huo mita mbili nzima zilikuwa zimetupwa stoo.

Mita hiyo hiyo ina masharti mengine ambayo hayasamehe. Kimiminika lazima kipitishe umeme, kwa kawaida si chini ya maikrosimensi 5 kwa sentimita. Dizeli na petroli haviwezi, hata ukinunua ya bei kubwa kuliko zote. Ikilazwa, elektrodi zake zikae ubavuni, kushoto na kulia, maana juu hukusanyika viputo na chini hukusanyika tope. Kwenye bomba la plastiki inahitaji pete za kuiunganisha na kimiminika kwa ajili ya ardhi, na pete hizo ndizo kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti, kwa sababu kwenye orodha zinaonekana kama pambo.

Sahani ya orifisi ni ya zamani kuliko zote na bado ipo kila mahali. Ni bati lenye tundu, kimiminika kinabanwa, presha inashuka, na mshuko huo ndio kipimo. Ila mshuko hufuata mraba wa mtiririko. Mtiririko ukiwa asilimia 30 ya kiwango cha juu, mshuko ni asilimia 9. Ukiwa asilimia 10, mshuko ni asilimia 1, na hapo transmita inasoma zaidi mtetemo wake yenyewe kuliko bomba. Anayeagiza orifisi kwa kiwango kikubwa "kwa ajili ya upanuzi wa baadaye" ananunua upofu wa leo. Na sahani ina uso. Makali ya tundu yatazame kule kimiminika kinakotoka. Ikigeuzwa inasoma pungufu, na hakuna kitakachovuja wala kulia kuonyesha kosa. Ule mpini unaochomoza kati ya flanji mbili una maandishi upande mmoja. Maandishi hayo yatazame kimiminika kinakotokea. Ninapopita kwenye kiwanda kipya huwa nayatafuta hayo kwanza, na siyo mara moja wala mbili nimekuta yamegeukia upande usio wake.

Vijibomba vya kupeleka presha kwenye transmita vina kanuni yake pia. Kwa kimiminika, toboa ubavuni na transmita iwe chini, ili hewa irudi yenyewe kwenye bomba. Kwa gesi, toboa juu na transmita iwe juu, ili unyevu uteremke. Kwa mvuke, transmita ikae chini na vijibomba vijazwe maji kabla ya kufungua valvu, vinginevyo mvuke wa moto utaifikia na kuichoma. Mafundi wengi wanayajua haya kwa moyo. Wanayavunja kwa sababu mahali palipobaki, baada ya mabomba na nguzo na ngazi kuchukua nafasi zao, hapawaruhusu.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Mtu wa vipimo huitwa mwisho. Bomba limeshachomelewa, elbo mbili zimefuatana, valvu imekaa baada yake, na kati yao kuna kipande cha urefu wa mkono. Anaambiwa: funga hapo. Kimiminika kinachotoka kwenye elbo mbili kinazunguka kama maji ya kwenye tundu la sinki, na mita nyingi zinahitaji kipande kilichonyooka cha kipenyo cha bomba mara kumi au ishirini au zaidi kabla yake ili mzunguko utulie. Mita ya Koriolisi, inayopima kwa mtikisiko wa mirija yake, hustahimili zaidi, na inapima uzito moja kwa moja, lakini nayo ikikaa vibaya, mirija yake ikining'inia chini ndani ya bomba la gesi, itakusanya matone na kukosea. Hakuna chombo kinachonunua nafasi iliyokosekana kwenye mchoro.

Wakati mwingine kosa la mchoro halikosei kipimo, linavunja bomba. Tarehe 8 Desemba 1995, kwenye kinu cha nyuklia cha Monju nchini Japani, ala ya kupimia joto iliyochomekwa ndani ya bomba la sodiamu, chuma kilichoyeyuka kinachobeba joto la kinu, ilivunjika. Sodiamu ilipokuwa ikipita, nyuma ya ala hiyo palijengeka vimbunga vidogo vidogo, vikaitikisa hadi chuma kikachoka na kukatika pale ilipobadilika unene. Sodiamu ikavuja, ikashika moto. Kinu hakikuwashwa tena hadi Mei 2010. Kifimbo cha chuma cha kupimia joto, kitu ambacho kwenye orodha ya vifaa huandikwa mstari mmoja na kupitishwa bila swali! Leo hesabu ya mtikisiko huo inajulikana na ina kanuni iliyochapishwa, lakini inahitaji mwendo wa kimiminika, densiti yake, urefu na unene wa kifimbo. Ni zile zile safu za kwenye karatasi.

Upande wa nyaya nitapita haraka, kwa kuwa kuna nidhamu zaidi. Mfumo wa kupeleka kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20 una hekima ndani yake: sifuri ya kipimo ni miliampea 4, siyo 0, ili waya uliokatika usifanane na tangi tupu. Kinachobaki ni mambo ya mikono: kinga ya kebo iunganishwe na ardhi upande mmoja tu, kebo ya kipimo isilazwe pamoja na ya mota, na tundu la kuingizia kebo litazame chini, kebo ikining'inia kidogo kabla ya kuingia ili mvua idondokee nje. Transmita nyingi nilizozifungua zikiwa zimekufa zilikuwa zimejaa maji yaliyoingia kwa juu.

Basi nikipewa nafasi ya kubadilisha jambo moja, sitagusa orodha ya wauzaji. Ningetaka mtu wa vipimo awepo mezani siku tangi na bomba vinachorwa, na karatasi ya maelezo isainiwe na yule anayekijua kimiminika, siyo anayekinunua. Ningetaka kila swichi ya juu ijaribiwe kwa kimiminika halisi kuifikia pale inapowezekana, siyo kwa kubonyeza kitufe, na fundi akabidhiwe maelezo ya kila kipande kilichomo ndani ya boksi, hadi kufuli. Na siku tangi linajazwa kwa mara ya kwanza, mtu apande na utepe wa kupimia kwa mkono, asome kina, na mwenzake asome skrini, kila baada ya mita moja, waandike.

Kwenye matangi ninayoyakabidhi mimi hufunga pia kibao kidogo cha chuma pembeni ya transmita, kwa waya usiooza. Kina mistari mitatu: jina la kimiminika, densiti iliyotumika, na kina cha juu kabisa ambacho chombo hiki kinaweza kukiona. Miaka kumi baadaye mtu mwingine ataamua kuweka kitu kingine ndani ya tangi lile. Kibao kitakuwa usawa wa macho yake, karibu na valvu atakayoifungua.